Christy Mathewson: mechi 37 alizoshinda na moja iliyomponyoka

Mwaka wa 1908 huko Marekani, mchezaji mmoja wa besiboli aliongoza warushaji wote wa Ligi ya Taifa kwa kushinda mechi 37. Tangu mwaka wa 1900 hadi leo, hakuna mrushaji mwingine wa ligi hiyo aliyefikia hesabu ile katika msimu mmoja. Jina lake ni Christy Mathewson. Lakini msimu huohuo timu yake ilikosa ubingwa, na mechi ya mwisho, ile iliyoamua kila kitu, iliandikwa kuwa yeye ndiye aliyeipoteza.

Mtu huyu alikufa zamani, na mchezo wake hauchezwi sana huku kwetu. Hata hivyo maisha yake yanatufaa, kwa sababu alishika ahadi, alijua kushindwa, alipambana na rushwa, na mwisho akaugua ugonjwa ambao familia nyingi za makanisa yetu zinaufahamu.

Mchezo wenyewe

Watoto wetu wanakua na mpira wa miguu, kwa hiyo tueleze kidogo. Katika besiboli kila timu ina wachezaji 9 uwanjani. Mrushaji husimama katikati na kurusha mpira mdogo mgumu. Mpigaji wa timu nyingine anashika gongo na kujaribu kuupiga. Akiupiga vizuri, anakimbia kwenda kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anarudi pale alipoanzia. Akirudi salama, timu yake inapata pointi. Kila timu hupewa zamu 9 za kupiga.

Mrushaji ana mzigo kuliko wenzake wote, maana kila mpira unatoka mkononi mwake. Ndiyo sababu, mechi ikiisha, ushindi unaandikwa kwa jina la mrushaji mmoja wa timu iliyoshinda, na kushindwa kunaandikwa kwa jina la mrushaji mmoja wa timu nyingine. Wenzake wanaweza kuangusha mpira au kukosa kupiga, lakini kitabuni linabaki jina lake. Wachungaji na viongozi wa vikundi wataelewa jambo hili upesi.

Mtoto wa Factoryville

Christopher Mathewson alizaliwa tarehe 12 Agosti 1880 katika mji mdogo wa Factoryville, jimbo la Pennsylvania. Baba yake aliitwa Gilbert, mama yake Minerva. Mama alikuwa mtu wa ibada, na inasemekana alitamani mwanawe awe mhubiri. Kijana alisoma katika mji wake, kisha akaingia Bucknell, chuo kikuu kilichoanzishwa na Wabaptisti katika mji wa Lewisburg. Huko aliimba, alikuwa kiongozi wa wanafunzi wa mwaka wake, na alicheza pia mpira wa Kimarekani.

Siku zile wachezaji wa besiboli hawakuwa na sifa nzuri. Wengi walijulikana kwa pombe, kamari na matusi, na kuna hoteli ambazo hazikupenda kuwapokea. Familia ya kikristo haikufurahi kusikia kwamba mtoto aliyesoma anataka kwenda kuishi na watu wa namna hiyo. Mathewson alipochagua kazi hiyo, alimwahidi mama yake jambo moja: hatarusha mpira siku ya Jumapili.

Mwanzo wake haukuwa wa kupendeza. Mwaka wa 1900 timu ya New York Giants ilimchukua baada ya kuvuma katika mji wa Norfolk, lakini alipoteza mechi zake tatu za kwanza bila kushinda hata moja, akarudishwa. Mwaka uliofuata alirudi New York na kushinda mechi 20. Mwaka wa 1903 alishinda 30. Mwaka huohuo alimwoa Jane Stoughton, binti wa Lewisburg, na baadaye wakapata mtoto mmoja wa kiume.

Ahadi kwa mama

Ni rahisi kuahidi jambo ambalo halitakugharimu. Katika jimbo la New York sheria ilikataza mechi za kulipia siku ya Jumapili hadi mwaka wa 1919, kwa hiyo nyumbani Mathewson hakuwa na jaribu. Lakini timu ilisafiri. Chicago, Cincinnati na St. Louis zilicheza Jumapili, na hiyo ndiyo siku ambayo wafanyakazi walikuwa huru na viwanja vilijaa watu. Mwenye timu aliyemlipa mrushaji bora angependa sana kumwona akirusha siku hiyo. Mathewson alikaa pembeni, na Giants walipanga zamu zake kwa kufuata ahadi yake. Hakuna aliyemfukuza. Mtu anayefanya kazi yake vizuri siku sita anasikilizwa anapoomba ya saba.

Tusimfanye malaika. Alivuta sigara, alipenda karata, na alijua kujivuna kwa ustadi wake wa mchezo wa dama, ambao aliweza kuucheza na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Tena mwaka wa 1917, alipokuwa kocha wa Cincinnati, timu yake ilicheza na Giants Jumapili moja mjini New York katika mechi ya kusaidia wanajeshi. Yeye na kocha wa Giants walipelekwa mbele ya hakimu kwa kuvunja sheria ya Jumapili, na hakimu akawaachilia. Hata hivyo, katika miaka yake yote ya kurusha mpira, neno alilompa mama yake alilitunza.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mtu wa tabia nyingine kabisa. John McGraw, kocha wa Giants, alikuwa Mkatoliki mwenye asili ya Ireland, mfupi, mwenye ulimi mkali, mgomvi kwa waamuzi na mpenda kamari za farasi. Mwaka wa 1903 familia hizo mbili, ya McGraw na ya Mathewson, zilikaa katika nyumba moja mjini New York. Wake zao wakawa kama dada. McGraw hakumfundisha Mathewson kutukana, wala Mathewson hakumkimbia McGraw kwa sababu ya matusi yake. Urafiki wao ulidumu hadi kaburini.

Miaka ya nguvu

Mwaka wa 1905 Mathewson alishinda mechi 31, akaongoza ligi. Mwezi wa Oktoba Giants walikutana na timu ya Philadelphia katika fainali ya mabingwa. Ndani ya siku sita Mathewson alirusha mechi tatu nzima, zamu 27 za wapinzani, nao hawakupata hata pointi moja. Zaidi ya miaka mia imepita na wapenzi wa mchezo huo bado wanaihesabu kati ya kazi kubwa kuliko zote.

Hakutegemea nguvu peke yake. Silaha yake ilikuwa utulivu: aliweza kupeleka mpira pale anapotaka. Alikuwa pia na mpira mmoja uliopinda upande ambao mpigaji hakuutegemea. Kurusha mpira huo kulitesa mkono, kwa hiyo aliutumia mara chache tu katika mechi, wakati wa hatari. Mwaka wa 1913 alirusha zamu 68 mfululizo bila kumpa mpigaji hata mmoja nafasi ya kwenda kituo cha kwanza bure kwa sababu ya mipira iliyopotea njia.

Msimu wa 1908

Sasa turudi kwenye mwaka wa zile 37. Katika Ligi ya Taifa, wa pili nyuma ya Mathewson alikuwa Mordecai Brown wa Chicago Cubs, aliyeshinda 29. Brown alikuwa mtoto wa Indiana aliyeumizwa mkono na mashine ya shamba akiwa mdogo. Kidole kimoja kilikatwa na vingine vikapinda. Mkono huo mbovu ukaja kuwa baraka ya kazi yake, kwa maana vidole vile viliufanya mpira uzunguke kwa namna ambayo mrushaji mwenye vidole kamili hakuiweza. Katika ligi ya pili, Ligi ya Amerika, aliyeongoza alikuwa Ed Walsh wa Chicago White Sox, aliyeshinda mechi 40.

Mathewson aliingia uwanjani katika mechi 56 mwaka ule, nyingine akianza, nyingine akiitwa kuokoa wenzake. Alirusha zamu zaidi ya 390. Leo hakuna timu inayothubutu kumchosha mrushaji kiasi hicho.

Tarehe 23 Septemba Giants walicheza na Cubs mjini New York, Mathewson akirusha. Timu zilikuwa sawa, 1 kwa 1, zamu ya mwisho. Giants walikuwa na wachezaji wawili kwenye vituo: mmoja kituo cha tatu, na kwenye kituo cha kwanza kijana wa miaka 19 aitwaye Fred Merkle, aliyepangwa siku ile kwa sababu mwenye nafasi alikuwa mgonjwa. Mwenzao akapiga mpira safi. Yule wa kituo cha tatu akaingia na pointi. Watu wakamiminika uwanjani kushangilia. Merkle alipoona umati unakuja, aligeuka kukimbilia chumba cha wachezaji kabla ya kugusa kituo cha pili. Ilikuwa mazoea ya wengi kufanya hivyo, lakini sheria ilisema lazima afike. Mchezaji wa Cubs, Johnny Evers, aliijua sheria hiyo. Aliitisha mpira, akasimama juu ya kituo cha pili, akamwita mwamuzi. Mwamuzi alisema Merkle ametolewa na pointi imefutwa. Uwanja ulikuwa umejaa watu na giza lilikaribia, hivyo mechi ikahesabiwa sare.

Msimu ulipoisha, Giants na Cubs walikuwa wamelingana. Ikaamuliwa mechi ile irudiwe tarehe 8 Oktoba. Yeyote atakayeshinda ndiye bingwa wa ligi.

Kabla ya mechi hiyo, waamuzi wawili, Bill Klem na James Johnstone, walitoa habari kwamba wametolewa fedha, dola 2,500, ili waisaidie New York. Waliikataa. Daktari aliyehudumia timu ya Giants ndiye aliyetajwa katika uchunguzi, akapigwa marufuku viwanjani maisha yake yote. Dola 2,500 wakati ule zilipita mshahara wa mwaka mzima wa watu wengi. Majina ya waamuzi hawa hayamo kwenye orodha ya walioshinda mechi nyingi mwaka wa 1908, lakini bila wao orodha hiyo isingekuwa na maana.

Siku ya mechi umati ulikuwa mkubwa kupita kiasi, wengine wakipanda juu ya paa na kuta. Mathewson alikuwa amechoka. Alikuwa ameubeba msimu mzima mabegani. Giants walitangulia kupata pointi moja, na Cubs wakamwingiza Brown, yule wa vidole vilivyokatika. Katika zamu ya tatu Joe Tinker, ambaye Mathewson alisumbuka naye miaka yote, alipiga mpira mrefu uliompita mchezaji wa nyuma. Cubs wakapata pointi nne katika zamu ile moja. Mechi ikaisha 4 kwa 2. Chicago wakaenda kuchukua ubingwa, wakawashinda pia Detroit katika fainali. Walisubiri hadi mwaka wa 2016 kuupata tena.

Kwa hiyo mtu wa mechi 37 alikwenda nyumbani bila kombe. Na Ed Walsh wa mechi 40 pia: timu yake ilikosa ubingwa wa ligi yake kwa kitambo kidogo sana. Aliyeshika kombe alikuwa Brown, wa pili kwa hesabu.

Kilichotokea baadaye ndicho cha kutazamwa. Magazeti na mashabiki walimwangukia Merkle, wakampa jina la mpumbavu, na jina hilo likamfuata mpaka uzee. Mathewson angeweza kujificha nyuma ya kijana yule, maana kama si kosa la Septemba, isingekuwapo mechi ya Oktoba. Hakufanya hivyo. McGraw naye alimtetea Merkle na kumbakiza kikosini, naye akacheza miaka mingi baada ya hapo. Miaka minne baadaye, katika fainali ya 1912 dhidi ya Boston, mwenzake mwingine, Fred Snodgrass, aliangusha mpira rahisi katika zamu ya mwisho, na Mathewson akaandikiwa kushindwa tena. Hakumgeuzia kidole mtu yeyote.

Katika makanisa yetu tunajua kutafuta Merkle wa kutupia lawama. Mradi ukianguka, kwaya ikiharibu siku ya sikukuu, tunatafuta aliye mdogo kuliko wote. Kiongozi wa kweli anakubali jina lake liandikwe.

Vita na rushwa ya mchezo

Mwaka wa 1916 nguvu zilikuwa zimemwishia. McGraw alimwachia aende Cincinnati kuwa kocha. Tarehe 4 Septemba mwaka ule alirusha mechi yake ya mwisho, na aliyesimama upande wa pili alikuwa Mordecai Brown, ambaye naye ilikuwa ya mwisho kwake. Wazee wawili, mikono imechoka, wapigaji wakiwapiga watakavyo. Mathewson alishinda 10 kwa 8. Jumla ya ushindi wake wa maisha ni 373. Katika Ligi ya Taifa ni mrushaji mmoja tu, Grover Cleveland Alexander, aliyelingana naye.

Akiwa kocha aligundua kwamba mchezaji wake maarufu, Hal Chase, anacheza ovyo kwa makusudi, na alimshuku kuwa anauza mechi kwa wacheza kamari. Mwezi wa Agosti 1918 alimsimamisha. Kisha Mathewson akaingia jeshini na kupelekwa Ufaransa. Kesi ya Chase iliposikilizwa mapema mwaka wa 1919, kocha alikuwa mbali, na viongozi wa ligi walisema ushahidi hautoshi. Chase akaachiliwa, na timu iliyompokea ilikuwa Giants ya McGraw. Mathewson aliporudi kumsaidia McGraw, alimkuta mtu yuleyule katika timu yake. Hiyo ndiyo zawadi anayopata mara nyingi mtu anayesema ukweli mapema.

Mwezi wa Oktoba 1919, fainali ilikuwa kati ya Cincinnati na Chicago White Sox. Mwandishi wa habari Hugh Fullerton alisikia fununu, akamwomba Mathewson akae naye, waweke alama kwenye kila tendo la kutia shaka. Mathewson alilijua jicho la mchezaji anayejitahidi na la yule anayejifanya. Baadaye ilijulikana kwamba wachezaji wa Chicago walikuwa wamepokea fedha ili washindwe, na wanane wakafungiwa maisha yote. Miaka kumi na moja kabla, waamuzi wawili walikataa dola 2,500. Safari hii watu walikubali, na mchezo mzima ukaingia aibu.

Kifua

Huko Ufaransa Mathewson alikuwa kapteni katika kikosi cha kujikinga na gesi za sumu. Ty Cobb, mchezaji mwingine mkubwa aliyekuwa naye, alieleza baadaye kwamba katika mazoezi gesi iliwafikia kabla hawajavaa barakoa vizuri. Mathewson alirudi nyumbani akikohoa. Mwaka wa 1920 madaktari walisema ni kifua kikuu. Gesi haileti kifua kikuu, maana ugonjwa huo unaletwa na vijidudu, na mdogo wake Henry alikuwa amekufa kwa ugonjwa huohuo mwaka wa 1917. Lakini wengi waliamini kwamba gesi ililegeza mapafu yake.

Alipelekwa Saranac Lake, mji wa milimani katika jimbo la New York ambako wagonjwa wa kifua walilazwa kupumzika na kuvuta hewa safi. Dawa haikuwapo, streptomisini, dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya ugonjwa huo, iligunduliwa mwaka wa 1943. Mtu aliyerusha zamu 390 katika msimu mmoja alilala kitandani, akikatazwa kuinua mkono. Jane alimtunza. Mwaka wa 1921 Giants waliandaa mechi ya kumsaidia, na fedha zikapatikana ingawa mvua iliikatiza.

Alipata nafuu. Mwaka wa 1923 alikubali kuwa rais wa timu ya Boston Braves, na kazi ikamrudisha chini. Alikufa tarehe 7 Oktoba 1925, akiwa na miaka 45, siku ileile fainali ya mwaka huo ilipoanza. Kesho yake wachezaji wa timu zote mbili waliingia uwanjani na vitambaa vyeusi mikononi. Alizikwa Lewisburg, karibu na chuo chake.

Mwaka wa 1936, watu watano wa kwanza walipochaguliwa kuingia katika nyumba ya kumbukumbu ya besiboli, yeye peke yake kati yao alikuwa amekwisha kufa.

Sisi leo tuna dawa ambayo Mathewson hakuipata. Kwa hiyo, ndugu, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asibaki nyumbani akiombewa tu. Aombewe, na aende kituo cha afya kupimwa. Kifua kikuu kinapona mgonjwa akimaliza dawa zake zote.

Na kwa vijana wetu wanaopenda michezo: orodha ya mwaka wa 1908 bado ipo, na mtu yeyote anaweza kusoma 37 karibu na jina la Mathewson. Jumapili alizokaa pembeni hazimo katika orodha hiyo, wala siku alizonyamaza wengine walipomtupia Merkle mawe. Tukiwafundisha vijana kushinda, tuwafundishe na hayo.